Mistari Aliyoiruka Hudson

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Carolyne alizima kiyoyozi akafungua dirisha la sebuleni, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Upepo ulioingia haukuwa wa baridi, ila haukuwa tena ule wa kuchoma uso, na kwa mtu aliyekaa Al Qusais, Dubai, miaka saba hiyo ilikuwa habari njema ya kutosha kumwita mume wake kutoka chumbani.

"Baba Lynette, njoo usikie."

"Nisikie nini?"

"Kimya."

Hudson akaja, akasimama, akacheka. Miezi sita mashine ile ilikuwa imenguruma juu ya vichwa vyao, hata wakazoea kuongea kwa sauti ya juu kama watu wa kiwandani. Sasa walisikia vitunguu vikikaangwa ghorofa ya chini, na redio ya mtu ikiimba Kihindi, na ng'ambo ya barabara, kwenye roshani za nyumba za wafanyakazi, wanaume wakikung'uta mablanketi.

Ilikuwa siku yao. Hudson alikuwa mlinzi katika jengo moja refu la Dubai Marina, zamu ya saa kumi na mbili, na kwenda na kurudi kwa metro kulimla saa tatu nyingine. Carolyne alifanya kazi Deira, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, akifunga maboksi na mapipa ya watu wanaotuma nyumbani Eldoret, Nairobi, Kampala. Binti yao Lynette, mwenye miaka kumi, alikuwa darasa la tano. Siku sita walipishana mlangoni, Jumapili walikaa. Na joto lilipokatika, Jumapili hizo zilikuwa na utaratibu wake. Mchana walitazama mbio za marathoni kwenye televisheni, kwa sababu msimu huo haipiti wiki bila mji fulani wa Ulaya au Marekani kukimbiwa, na Hudson ni mtu wa Nandi ambaye chuoni alikimbia yeye mwenyewe. Jioni ilikuwa chapati na ndengu. Kisha, vyombo vikishaoshwa, walisoma.

Kusoma kulianza siku Lynette alipomsikia mama yake akitaja "ghala" akauliza ni nini. Shuleni kwao ni Kiingereza na Kiarabu tu. Hudson, aliyekuwa amefundisha shule ya msingi miaka miwili kabla ya kuja Dubai, alishtuka kana kwamba mtoto ameuliza jina la nyanya yake. Akaagiza vitabu kutoka nyumbani, na tangu hapo kila jioni aliyokuwa na nguvu alimsomea. Mwaka huo walikuwa na riwaya nene ya mwanamke mwenye kinu cha kusaga unga na ndugu zake watatu waliotaka kumnyang'anya.

Mchana huo wakimbiaji walikuwa wamebaki wanne mbele, kilomita ya thelathini na mbili, Hudson alipoinua chupa ya chai kujimiminia. Alimimina kwa makini, kichwa ameinamisha, na chai yote ikaenda mezani, kidole kimoja kando ya kikombe.

"Baba!" Lynette aliruka.

"Ah! Nilikuwa namtazama yule wa jezi ya manjano," Hudson alisema, akicheka, akitafuta kitambaa. "Amekaribia kunikimbiza na mimi."

Lynette akacheka. Carolyne alifuta meza, akacheka kidogo pia, lakini alikuwa amemwona. Macho ya mumewe hayakuwa kwenye televisheni. Yalikuwa kwenye kikombe.

Jioni, akikausha sahani, aliwasikiliza. Katika kitabu kaka mkubwa alikuwa amefariki, amezikwa, na yule mwanamke amerudi kinuni peke yake. Hudson akafungua ukurasa, akasafisha koo, na mara kaka mkubwa akawa amesimama mlangoni mwa kinu akidai funguo.

"Ngoja," Lynette alisema. "Si tumemzika sasa hivi?"

Kupitia mlango wa jikoni Carolyne aliona kidole cha Hudson kikitembea juu ya karatasi, kikirudi, kikitembea tena.

"Anakumbukwa," Hudson alisema hatimaye. "Hadithi imerudi nyuma kidogo." Kisha akaendelea, lakini sauti yake haikuwa tena ya mtu anayesoma. Ilikuwa sauti ya mwalimu aliyeingia darasani bila kuandaa somo.

Hudson alipoenda kuoga, Carolyne alikichukua kile kitabu. Ni kweli, hadithi ilikuwa imerudi nyuma. Lakini mistari mitatu iliyosema hivyo, ya juu kabisa kwenye ukurasa, Hudson hakuisoma. Alikuwa amekisia. Na chini kidogo, pale alipomfanya kaka mkubwa aondoke kwa lori lenye taa moja, kitabu kilisema tu kwamba aliondoka.

Alikirudisha mahali pake, taratibu, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Wiki ile alianza kuona mambo ambayo labda yalikuwapo siku zote. Hudson aliposhuka ngazi za jengo lao, kiganja chake kiliteleza ukutani kutoka juu hadi chini. Kwenye muundi alikuwa na alama nyeusi, mpya juu ya za zamani, na alipoulizwa alisema ni kitanda. Kofia yake ilianguka karibu na mguu wake na akaitafuta kwa kupapasa huku akiongea mambo mengine, akiongea sana. Kila jambo lilikuwa na maelezo yake. Uchovu. Taa mbaya. Zamu mbili mfululizo. Ukiyachukua moja moja yalitosha. Carolyne alipoyaweka pamoja, hayakutosha.

Ndani ya metro, asubuhi, aliandika kwenye simu yale aliyoyaona, na simu ikamjibu uvimbe wa ubongo. Akaizima. Kituo kimoja baadaye akaiwasha tena, na safari hii ikamjibu mambo sita, yote mabaya.

Jumatano alikuja Sowedi.

Sowedi alikuwa Mganda, mtu wa Masaka, mlinzi mwenzake Hudson katika jengo lile lile, na alikuwa amechukua ruhusa ya nusu siku kuja Deira kutuma viatu na mikoba ya shule kwa wanawe. Carolyne alimsaidia kupanga boksi, akaandika jina, akakata utepe wa gundi. Kisha akasimama na mkasi mkononi.

"Sowedi, nikuulize kitu, na usinifiche. Mume wangu anaona?"

Sowedi alitazama nje, kwenye mikokoteni ya wabebaji mizigo iliyokuwa ikipita. "Shemeji," alisema, "mimi nilidhani wewe ndiye unajua."

"Najua nini?"

"Mwezi wa nane, madam mmoja wa ghorofa ya ishirini alimnyooshea funguo. Hapa hivi, pembeni." Alinyoosha mkono wake kando. "Hudson amesimama tu, anatazama mbele. Yule madam akafikiri anadharauliwa, akalalamika kwa wakubwa. Tangu hapo tunabadilishana. Yeye anakaa mezani na kitabu cha wageni, mimi nazunguka ngazi na maegesho ya chini. Kule chini ni giza. Siku moja alipiga kichwa kwenye nguzo."

"Na hujasema."

"Nimwambie nani? Mister Elias, msimamizi wetu? Atamfukuza siku hiyo hiyo." Sowedi alishusha sauti. "Na tarehe ishirini Novemba tunaenda kupimwa afya kwa ajili ya leseni ya ulinzi."

"Atapita?"

"Atapita, shemeji. Hilo ndilo linaniogopesha. Zile herufi za ukutani anazisoma mpaka za mwisho. Vya mbele anaona. Vya pembeni ndivyo havipo." Alibeba boksi lake hadi kwenye mizani, akarudi. "Usimwambie ni mimi nimesema."

Carolyne alirudi nyumbani akiwa ameazimia kusema jioni ile ile. Lakini Hudson aliingia akiwa amechoka, akala, akalala kochini na viatu miguuni, na yeye akakaa akimtazama na kuhesabu vitu vilivyoning'inia kwenye ile leseni. Visa ya Hudson ilitokana na kazi. Yake yeye na ya Lynette zilitokana na ya Hudson. Fleti, shule, hata kadi ya hospitali, vyote vilifungwa kwenye uzi huo mmoja, na uzi huo ulipita kwenye macho ya mtu aliyemimina chai mezani.

Hakusema Jumatano. Alhamisi Lynette alikuwa na mtihani wa Kiarabu. Ijumaa Hudson alichelewa. Jumamosi alijiambia: kesho, baada ya kula, mtoto akiwa amekwenda kucheza.

Kesho yake nusu ya Al Qusais ilikuwa bustanini. Baada ya miezi ya kujifungia, watu walikuwa wametoka na kila kitu: mikeka, birika, mipira, hata mabibi wazee kwenye viti vya plastiki. Moshi wa nyama ulitanda chini ya miti. Carolyne alikuwa ameamka mapema kusukuma chapati, akazifunga kwa kitambaa. Ndengu zilikuwa kwenye bakuli la kifuniko, na kuku alikuwa amelowekwa ndimu na tangawizi tangu jana. Walitandika mkeka karibu na Mubin, jirani yao wa ghorofa ya tatu, mtu wa Kerala, aliyekuja na mkewe na mtoto mchanga. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka wao. Mubin alikuwa na jiko la bati la kuchomea nyama, fupi, miguu yake ya shubiri moja tu juu ya nyasi.

"Naenda kuchota maji," Hudson alisema.

Lynette alikuwa akirusha mpira na wasichana wengine. Carolyne alimenya vitunguu, na maneno ya kumwambia yalikuwa tayari kinywani, ameyapanga, ameyapima. Aliinua macho akamwona akirudi, chupa kila mkono, amevaa fulana yake ya kijani, akimtazama yeye na kutabasamu. Aliona mstari anaoufuata. Ulikuwa umenyooka kutoka bombani hadi kwenye mkeka wao, na katikati yake lilikuwa jiko la Mubin, limejaa makaa mekundu.

Atakwepa, Carolyne aliwaza. Mtu yeyote angekwepa.

"Hudson!"

Hakuwa akimwita kwa jina mbele ya watu. Ndiyo maana Hudson aliharakisha, aone kuna nini, na akatia mguu motoni.

Jiko lilipinduka. Makaa yalimwagika kwenye nyasi na kwenye mkeka wa Mubin, na kaa moja likatua shubiri mbili kutoka kichwani mwa yule mtoto. Mama yake alimnyakua kabla mtu mwingine hajasogea. Mkeka ulianza kutoa moshi mweusi. Hudson alikuwa ameanguka kwa mkono mmoja juu ya makaa, na hakupiga kelele. Alijiburuta nyuma, akainuka kwa magoti, akageuza kichwa huku na huku.

"Mtoto? Mtoto ameungua?" aliuliza kwa Kiswahili, akiwauliza watu wasiojua hata neno moja.

"Hajaungua," Carolyne alisema. "Hajaungua. Kaa chini."

Mubin alikuwa akikanyaga makaa kwa viatu. "Kaka, lilikuwa mbele yako!" alifoka kwa Kiingereza. "Mbele yako kabisa! Huoni?"

Carolyne alikuwa ameshika mkono wa mumewe ndani ya ndoo ya maji. Aliuhisi ukitulia.

"Sioni," Hudson alisema, naye kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayejaribu neno jipya. "Nisamehe, ndugu yangu. Sioni."

Mubin aliacha kukanyaga. Watu waliokuwa wamekusanyika wakaanza kutazama kando. Lynette alikuwa amesimama nyuma yao na mpira kifuani.

Chakula walikilia nyumbani, kimepoa. Kiganja cha Hudson kilikuwa kimepakwa dawa na kufungwa bandeji. Mguuni, kiatu kilikuwa kimemwokoa. Hakuna aliyewasha televisheni, ingawa ilikuwa saa ya mbio, tena kubwa kuliko zote za msimu.

"Tangu lini?" Carolyne aliuliza.

"Mwaka jana. Labda kabla." Alikuwa akikunja kipande cha chapati bila kukila. "Nilidhani ni uchovu. Halafu ikawa kama kutazama kupitia karatasi uliyoikunja bomba. Kila mwezi bomba linazidi kuwa jembamba."

"Na hukuenda hospitali."

"Nilijua wataniambia nini." Akakiweka kile kipande sahanini. "Baba yangu alianza hivi hivi. Kugonga milango. Sisi tulikuwa watoto, tulimcheka. Alipofika miaka hamsini, mama alikuwa anamshika mkono kumpeleka chooni."

Carolyne alikuwa amemjua baba mkwe wake akiwa tayari kipofu, mzee mpole aliyekaa jikoni akichambua maharagwe kwa vidole. Hakuwahi kuuliza ilianzaje.

"Nikienda hospitali wanaandika," Hudson alisema. "Kikishaandikwa, khalas, imekwisha. Acha nipite kipimo cha tarehe ishirini, nipate leseni ya mwaka mwingine, halafu..."

"Halafu nini? Yule mtoto angeungua kichwa!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Lynette aliinamia sahani yake. Carolyne akaona haya, na haya hiyo ikamtoa lile aliloficha.

"Mimi pia nina kosa," alisema. "Nilijua tangu Jumatano. Nilitaka kusema, nikaogopa. Ningesema Jumatano, leo usingetia mguu pale."

Hudson alimgeukia. Alilazimika kugeuza kichwa chote kumwona, na sasa Carolyne alijua kwa nini.

"Nani alikwambia?"

"Haijalishi."

"Ni Sowedi."

Lynette akawahi kabla mama yake hajafungua kinywa.

"Mimi nilijua hadithi unaibuni," alisema, bado ameinamia sahani. "Ukienda kazini narudia zile kurasa. Kwenye kitabu hakuna lori."

"Unasoma mwenyewe? Kwa Kiswahili?"

"Maneno mengine siyajui."

"Mbona hukusema?"

Mtoto aliinua mabega. "Lori lilikuwa zuri."

Hudson alitoa sauti iliyoanza kama kicheko, kisha akafunika uso kwa mkono ule usio na bandeji, na mabega yake yakatikisika muda mrefu. Carolyne alisogeza kiti, akakaa karibu naye. Hakumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa. Hakujua kama yatakuwa sawa.

"Kesho," Hudson alisema hatimaye. "Piga simu, uulize wana nafasi lini."

Nafasi ilipatikana Jumanne, kwenye kliniki moja ya macho Deira. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa abaya, jina lake Sumeiya. Alisoma fomu, akainua kichwa.

"Mwatoka Kenya? Basi tuzungumze Kiswahili," alisema. "Mie nimezaliwa hapa, lakini wazee wangu watu wa Unguja. Nyumbani kwetu hatujakiacha."

Kile Kiswahili chake laini kilimtuliza Carolyne kwa dakika kama tano. Kisha Hudson alipelekwa kwenye chumba cha giza, akaambiwa aweke kidevu kwenye mashine iliyofanana na bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu. Alipewa kitufe mkononi. Taa ndogo zingewaka ndani ya bakuli, hapa na pale. Kila anapoona moja, abonyeze.

Carolyne aliruhusiwa kuketi nyuma, mahali alipoweza kuona skrini ya fundi wa mashine. Kila taa ilipowaka ndani ya bakuli, nukta ilitokea kwenye skrini. Nukta. Kitufe kikalia, tik. Nukta. Tik. Nukta. Kimya. Nukta nyingine, juu zaidi. Kimya. Nyingine, pembeni. Nyingine. Nyingine. Hudson alikaa wima, makini, kidole gumba juu ya kitufe, akisubiri kwa uaminifu kama anavyosubiri mlangoni, na taa zikawaka na kuzimika mbele ya uso wake bila yeye kujua zimepita. Carolyne alijikuta akibonyeza kidole chake mwenyewe kwenye paja. Hapo. Hapo tena. Bonyeza, Baba Lynette. Alitaka kupiga kelele kama alivyopiga bustanini.

Picha mbili zilipotoka, moja kwa kila jicho, zilikuwa nyeusi pembezoni, na katikati kulikuwa na nafasi nyeupe isiyozidi upana wa yai.

"Hii yaitwa presha ya macho," daktari Sumeiya alisema. "Presha ndani ya jicho yapanda, yaubana mshipa wa kuonea, na mtu hana maumivu, hajui. Mara nyingi yaenda kwa damu, baba kwa mwana." Aliweka kidole kwenye weusi. "Sikufichi. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki, inshallah, twaweza kukilinda. Matone, asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yako. Usiruke hata moja."

"Hatutaruka," Carolyne alisema.

"Mna watoto?"

"Mmoja. Msichana."

"Mleteni naye. Na kila mwaka apimwe."

Carolyne alikuwa amefika pale na hofu moja. Sasa alikuwa na mbili.

Hudson aliinama mbele. "Daktari, kuna kipimo cha leseni tarehe ishirini. Ni herufi tu. Nitapita?"

"Herufi utazisoma zote."

"Kwa hiyo..."

"Mie sijui kazi ya mlinzi," daktari alisema taratibu. "Wewe waijua."

Nje walisimama kwenye kivuli cha jengo, watu wakiwapita kwenda kituoni. Carolyne ndiye aliyemvuta hadi kliniki. Sasa alijisikia akisema jambo ambalo hakutarajia kulisema.

"Tarehe ishirini si mbali. Ukipita, tunapata mwaka mzima wa kujipanga. Si lazima mtu ajue."

Alimwona mumewe akilifikiria. Alilifikiria kwa muda, uso umeelekea barabarani.

"Kule Marina watu wanalala wakijua mlangoni kuna mtu anaona," alisema. "Nitamwambia Mister Elias mwenyewe. Kabla ya kipimo."

"Akikufukuza?"

"Atakuwa amenifukuza."

Alimwambia kesho yake. Elias, msimamizi wa walinzi, alisikiliza, akaomba karatasi za daktari, akamwambia arudi nyumbani akasubiri simu. Hakusema ni simu ya namna gani.

Siku tisa walisubiri. Hudson alipika, akafagia, akakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Saa moja asubuhi na saa moja jioni alilala chali kochini na Carolyne akamtilia matone, na siku ya kwanza tone likaangukia shavuni. Ofisini alifunga mapipa huku simu iko mfukoni mwa aproni, na kila ilipotikisika aliuacha utepe ukining'inia akaitoa. Mara nyingi ilikuwa tangazo la pizza. Siku mbili aliandika majina ya watu juu ya maboksi yasiyo yao, ikabidi afungue upya. Usiku aliota anapakia nyumba yao yote kwenye pipa moja na kifuniko hakifungi.

Jioni, sasa Lynette ndiye aliyesoma. Alisoma polepole, akijikwaa kwenye maneno marefu, na Hudson alimsahihisha kwa kusikia tu, macho yamefungwa. Yule mwanamke wa kinu alikuwa amepelekwa mahakamani na ndugu zake wawili waliobaki. Lynette alitaka kuruka mbele aone kama atashinda. Hudson alikataa.

Siku ya tisa simu ililia mfukoni mwa aproni saa nne asubuhi. Carolyne alisikia sauti ya mumewe na akakaa juu ya gunia la viatu vya mtu kabla hajasikia neno.

"Wanahitaji mtu wa chumba cha vifurushi," Hudson alisema. "Jengo lile lile. Mizigo ya wakaazi inapokelewa, inapangwa, inagawiwa. Kazi ya mchana, taa kali, haitaki leseni. Watabadilisha visa, iandikwe karani. Miezi sita ya kujaribiwa."

"Na baada ya miezi sita?"

"Hakusema."

"Na umesemaje?"

"Nimesema asante, sir. Ningesemaje?"

Carolyne alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na mwenzake wa dawati la pili akaja kumletea maji.

Katikati ya Desemba walirudi kliniki wote watatu. Lynette aliweka kidevu kwenye lile bakuli jeupe, na Carolyne akakaa nyuma ya skrini, mikono ameifumbata mapajani. Nukta. Tik. Nukta. Tik. Mtoto alibonyeza haraka, kama anacheza, na hakuna nukta iliyopita bila kujibiwa. "Kwa sasa, safi," daktari Sumeiya alisema, na Carolyne alilisikia lile "kwa sasa" kuliko lile "safi."

Kisha ikawa zamu ya Hudson. Presha ilikuwa imeshuka. Picha mpya iliwekwa kando ya ile ya zamani, na daktari akazitazama kwa muda ambao kwa Carolyne ulikuwa mrefu kuliko siku zile tisa.

"Haijasogea," alisema. "Weusi uko pale pale ulipokuwa. Mapema mno kufurahi sana, lakini haijasogea. Njooni mwezi wa tatu."

Wakapanda metro kurudi nyumbani. Kulikuwa na viti, jambo la nadra saa ile, wakakaa watatu mstari mmoja, Lynette dirishani, Carolyne katikati. Alimwambia Hudson amkumbushe kununua unga. Alimuuliza kama ile karatasi ya visa ameiweka kwenye bahasha au mezani. Katikati ya swali la tatu sauti yake ikazama, kichwa kikamwangukia mumewe begani, na akalala fofofo mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Kituo chao kilifika. Milango ikafunguka.

"Baba, ni hapa," Lynette alinong'ona.

Hudson hakusogea. "Muache," alisema. "Tutashukia cha mwisho, turudi."